Jaribu mlango wa kutokea kwanza: programu ya blogu kwa watembezaji wa Jozani

Mtembezaji wa hifadhi ya Jozani, Unguja, ana habari ambazo hazimo kwenye vitabu vya wageni. Anajua kundi lipi la kima punju huteremka karibu na barabara asubuhi. Anajua saa ambayo maji yameshaingia mikokoni na saa ambayo ile njia ya mbao inapita juu ya tope tupu. Anajua kwa nini kima wa mashambani wanakula makaa: majani ya mikungu na miembe yana kemikali zinazosumbua tumbo, na makaa huzinyonya. Habari hizi zikiwekwa WhatsApp huzama siku hiyo hiyo, na Instagram haziendi mbali zaidi. Mgeni aliyeko Hamburg anayetaka kuja Julai anaanza kuuliza Google tangu Februari, na anayepata kumjibu ni mwenye ukurasa uliotulia mahali pamoja, wenye anwani yake.

Ndipo vijana wa vijiji vya Pete au Kitogani wanapokaa na kuamua kufungua blogu, na swali la kwanza kwa fundi linakuwa: tutumie programu gani? Fundi anajibu "WordPress" kabla hajauliza chochote. Huenda amesema sawa, ila amesema mapema mno. Kwanza ijulikane nani ataandika, ataandikia kifaa gani, nani atalipa mwaka wa pili, na siku mkitaka kuhama mtaondoka na nini. Hilo la mwisho karibu hakuna anayeliuliza. Mimi naliweka mbele ya yote, na nitalirudia.

Tuanze na kifaa, maana ndicho kinachoondoa nusu ya machaguo bila mabishano. Kama waandishi wenu wanatumia simu, na wengi ndivyo, basi programu ijaribiwe kwa simu, na ijaribiwe palepale kazini, si kwenye ofisi ya mjini yenye mtandao wa kasi. Simama karibu na lango la hifadhi, chini ya miti, kwa bando lako la kawaida. Andika aya tano, weka picha tatu, chapisha. Halafu rudi ndani urekebishe neno moja. Ukijikuta unakuza skrini kwa vidole viwili kutafuta kitufe cha kuhifadhi, programu hiyo haitapata chapisho la tatu. WordPress ina programu yake ya simu, unaweza kuandika rasimu ukiwa huna mtandao na kuipandisha baadaye. Blogger nayo inafunguka kwenye kivinjari cha simu, na njia ya kutegemewa zaidi ni kuandika maneno kwanza kwenye daftari la simu kisha kuyabandika. Hugo na wenzake wa aina hiyo, wanaotengeneza kurasa nyepesi kama unyoya, wanataka kompyuta na mtu asiyeogopa kuandika amri kwenye skrini nyeusi. Kama mtu huyo hayupo kijijini, usipoteze muda nao.

Picha ndizo zinazomaliza bando. Picha moja ya simu ya siku hizi huweza kufika megabaiti 4, kwa hiyo kumi ni 40. Zipunguze kabla hazijaondoka kwenye simu: upana wa pikseli 1,200, uzito chini ya kilobaiti 200, na kumi zote hazizidi megabaiti 2. WordPress itakutengenezea saizi ndogo kwa ajili ya msomaji, ni kweli, lakini kwa kawaida inafanya hivyo baada ya wewe kupandisha ile kubwa, na bando limeshakwenda.

Sasa wagombea wenyewe. Blogger ilianza 1999 na Google wakainunua 2003. Ni bure, hukodi seva, hufanyi masasisho, na mlinzi wa mlango ni Google mwenyewe. Mafundi wengi huidharau, wanaiona ya kizamani. Lakini blogu ya Muhidin Issa Michuzi, mpigapicha aliyeanza kublogu mwaka 2005, ilikua na kusomwa na Watanzania walioenea duniani ikiwa juu ya Blogger, kwenye anwani ya blogspot. Ilikuwa na picha na maandishi mafupi, na kitu kipya karibu kila siku. Watu walirudi kwa hayo, na sura ya blogu hawakuijali. Upungufu wa Blogger upo: Google hawaongezi mengi, huwezi kujenga duka la maana, na lugha mbili zinakuwa taabu. Ila jina lenu wenyewe unaweza kulifunga juu yake bila Google kukutoza chochote, unalipia jina tu.

WordPress ni vitu viwili vyenye jina moja, na hapa watu wengi huumia. Kuna WordPress.com, kampuni inayokuwekea kila kitu kwenye seva zake, bure kwa kiwango fulani na kwa malipo zaidi ya hapo. Na kuna WordPress yenyewe, programu huria iliyotoka 2003, unayoichukua bure na kuiweka kwenye seva uliyokodi. Fundi akisema "WordPress ni bure" anamaanisha hii ya pili, na bure inaishia kwenye programu. Nafasi ya seva inalipiwa kila mwaka, jina linalipiwa kila mwaka, na kuna kazi isiyolipwa ya kusasisha. Wadukuzi hawana haja ya kukujua. Mashine zao zinazunguka mtandaoni zikitafuta plagini, yaani vijiprogramu vya nyongeza, zilizoachwa bila kusasishwa, na blogu ya kima punju yenye plagini 20 za mwaka juzi ni windo kama windo jingine. Kama mnakwenda njia hii, plagini ziwe chache mnazozijua kazi yake: moja ya lugha, moja ya nakala ya akiba, moja ya kuzuia taka kwenye maoni. Plagini ya nne itolewe sababu.

Halafu ulizeni bei ya mwaka wa pili, kwa maandishi. Matangazo ya wenye seva kwa kawaida huonyesha bei ya mwaka wa kwanza, na bei ya kuendelea ni nyingine. Mkipata kampuni ya hapa nchini inayopokea malipo kwa simu, hilo peke yake lina thamani. Huduma nyingi za nje zinataka kadi ya benki, kadi ina tarehe ya kuisha, na mwenye kadi huenda ni mwanachama aliyeshahama.

Wix na ndugu zake wanapendeza kuangalia. Unaburuta picha, unadondosha kitufe, kazi imekwisha. Tatizo ni kwamba tovuti ya Wix haihamishiki nzima nzima kwenda kwenye seva nyingine. Ukiacha kulipa unaondoka na ulichonakili kwa mkono. Joomla na Drupal ni programu za taasisi zenye idara ya kompyuta. Ghost, iliyoanza 2013, ni nzuri kwa mwandishi anayetaka kuuza jarida la barua pepe kwa wasomaji waliojiandikisha, na sioni watembezaji wakiihitaji.

Nilisema nitalirudia swali la kuhama, yaani mlango wa kutokea. Huduma za blogu hufa. Posterous ilinunuliwa na Twitter 2012 na ikafungwa Aprili 2013. Typepad, iliyokuwa na heshima kubwa enzi zake, ilizimwa tarehe 30 Septemba 2025 baada ya miaka zaidi ya 20. Waliosalimika ni waliokuwa na nakala mikononi. Kwa hiyo wiki ya kwanza, mkishakuwa na machapisho matatu tu, fanyeni zoezi hili. Ingieni kwenye mipangilio ya Blogger, tafuteni sehemu ya kuhifadhi nakala ya blogu, pakueni faili. Ni faili la XML, dogo kuliko mnavyodhani. Fungueni akaunti ya bure WordPress.com, ingizeni faili hilo, muone kilichofika. Maneno yatafika. Tarehe zitafika. Angalieni picha.

Hapa pana siri ambayo ingefaa iandikwe kwa herufi kubwa. Faili lile halina picha ndani yake. Lina anwani za picha tu, zinazoelekeza kule kule kwenye seva mliyotoka. Nakala ya XML ya WordPress nayo ni hivyo hivyo: blogu mpya inazifuata picha kwenye blogu ya zamani wakati wa kuhama, na kama ya zamani imeshafungwa, inakuta patupu. Mtu anaweza kuwa na bekapu ya kila mwezi kwa miaka mitano na bado akapoteza kila picha aliyopiga. Dawa yake haina utaalamu wowote: picha asilia zikae kwenye folda ya mwaka, ndani yake folda ya mwezi, kwenye diski moja ya nje na mahali pengine pamoja mtandaoni. Jina la picha liwe na maana, kama "kima-mkungu-pete", si zile tarakimu za kamera.

Wapo watakaoshauri muweke kila kitu kwenye kompyuta ya ofisini ili kuokoa gharama ya seva. Anayekumbuka Unguja ya mwaka 2008, waya wa umeme wa chini ya bahari ulipoharibika tukakaa gizani kama mwezi, na tena Disemba 2009 hadi Machi 2010, hatamsikiliza. Siku hizi waya ni mkubwa zaidi, lakini mgeni wa Hamburg hataki kujua habari za umeme wetu. Mei 2024 nyaya za intaneti za baharini zilikatika na nchi ikabaki na mtandao wa kusuasua. Walioweka blogu kwenye seva za nje walishindwa kuandika kwa muda, ila wasomaji wao wa Ulaya waliendelea kusoma.

Kitu kingine cha kuangalia kwenye programu ni tofauti ya chapisho na ukurasa, Blogger na WordPress zote zinayo. Chapisho lina tarehe na linashuka chini kadiri mapya yanavyokuja. Ukurasa haushuki. Kiingilio cha hifadhi, njia ya kufika kwa gari za Jambiani na Bwejuu, masharti ya kukaa mbali na kima: hayo ni ya ukurasa, na yanahaririwa yanapobadilika. Kima aliyeonekana leo na mtoto mgongoni ni chapisho. Ukichanganya, mgeni atafika langoni na bei ya miaka mitatu iliyopita kwenye simu yake, na atakayegombezwa ni mtembezaji. Idadi ya kima nayo imeshabadilika mara moja: makadirio ya zamani yalikuwa chini sana, kisha sensa ya watafiti wa shirika la uhifadhi la WCS ikahesabu zaidi ya 5,800 kisiwa kizima. Ukirekebisha tarakimu kama hiyo, hariri maneno na uiache anwani ya ukurasa kama ilivyo. Ukiigusa anwani, viungo vyote ambavyo wengine wamekuwekea vinaelekea ukutani.

Lugha ndiyo inayoweza kuamua mshindi. Mkiandika Kiingereza tu kwa wageni, Blogger inatosha. Mkitaka kila habari iwe kwa Kiingereza na Kiswahili pia, na naona inafaa, kwa sababu watoto wa skuli za Unguja hawana mengi ya kusoma kwa lugha yao kuhusu mnyama asiyepatikana kiasili popote nje ya Zanzibar, basi WordPress yenye Polylang inaunganisha chapisho na mwenzake kwa kitufe kimoja. Kwenye Blogger mtaishia kufungua blogu mbili au kutumia lebo, na baada ya miezi kadhaa lugha moja itaachwa nyuma. Mnaijua ni ipi.

Maoni yangu basi, kwa anayetaka jibu: watembezaji wawili watatu wanaoandika kwa simu waanze na Blogger na wanunue jina lao. Jumuiya yenye ofisi, yenye bidhaa za kuuza na fedha kidogo ya kumlipa mtu mmoja saa chache kila mwezi, ichukue WordPress kwenye seva ya kukodi. Kama hayupo wa kulipwa saa hizo, irudi kwenye Blogger bila aibu. Na kabla ya kulipia chochote, mmoja wenu apite TCRA na Tume ya Utangazaji Zanzibar aulize blogu ya aina yenu inahitaji leseni au la. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018, zilipotoka, zilidai zaidi ya shilingi milioni 2 kwa mwaka wa kwanza, na zimebadilishwa zaidi ya mara moja tangu hapo, hivyo msitegemee maneno ya barazani.

Limebaki jina. Liwe .co.tz, .or.tz au .com, lisajiliwe kwa jina la jumuiya na kwa barua pepe ya jumuiya, si ya fundi, hata kama fundi ni mtoto wa mwenyekiti. Kijana akipata kazi Muscat, barua ya kukumbusha malipo itamfikia yeye kule na ninyi mtajua siku blogu isipofunguka. Wenye mamlaka kamili ndani ya programu wawe wawili, kila mmoja na nywila yake. Chukueni ukurasa mmoja wa daftari la mikutano, andikeni jina lilisajiliwa wapi, seva ni ya nani, tarehe za kulipia zote mbili, barua pepe inayotumika, na picha asilia zimehifadhiwa wapi. Nywila zisiandikwe humo. Daftari likae kwa katibu, na tarehe ya kulipia itajwe kwenye kikao cha mwezi unaotangulia.