Upasuaji wa Vitu Vilivyokwama katika Sakafu ya Fuvu

Ubongo hulala juu ya sakafu ya mfupa isiyo nene mahali pote. Paa la tundu la jicho, ambalo ni sehemu ya mbele ya sakafu hiyo, ni jembamba kiasi cha kupenyeza mwanga. Kwa hiyo kijiti au kalamu iingiayo kando ya jicho yaweza kufika ubongoni, hali jeraha la nje ni dogo tu. Nyuma kidogo hupita ateri mbili za karotidi, moja kila upande, zipelekazo damu kwenye ubongo.

Hiyo ndiyo sababu ya kanuni ambayo watu huivunja kwa nia njema: kitu kilichokwama kisichomolewe nje ya chumba cha upasuaji. Huenda kitu hicho ndicho kinachoziba ateri kiliyoitoboa. Kikitolewa, damu humwagika ndani kabisa ya fuvu, pasipofikiwa na kidole cha kuikandamiza. Mtoa huduma ya kwanza hukizungushia vitambaa kisitikisike, kisha mgonjwa hupelekwa hospitali.

Mwaka 1915, katika vita huko Ufaransa, mpasuaji Mmarekani Harvey Cushing aliingiza msumari katika jeraha la askari, akaugusisha na sumaku ya umeme, akavuta kipande cha chuma; mfano mzuri kwa darasa la fizikia. Lakini eksirei za siku hizo hazikuonyesha ubongo wenyewe. Picha za tabaka za kompyuta, zilizotumika kwa mgonjwa mara ya kwanza mjini London mwaka 1971, huuonyesha pamoja na mfupa na damu. Hata hizo zina udhaifu: kijiti kikavu huweza kuonekana cheusi mithili ya hewa, na daktari asiyeuliza jinsi ajali ilivyotokea akakipita.

Mpasuaji hufungua fuvu, huhakikisha kwanza kwamba aweza kuizuia ateri, ndipo hukitoa kitu huku akikitazama. Vipande vya mti hutafutwa vyote, kwani vinyweleo vyake huhifadhi bakteria na jipu laweza kutokea baada ya miezi. Utando wa ubongo uliotoboka huzibwa, pengine kwa utando uliokatwa pajani mwa mgonjwa mwenyewe. Ukiachwa wazi, maji ya ubongo huvuja puani na vijidudu hupata njia ya kupanda.

Baadaye mishipa hupigwa picha tena, maana ukuta wa ateri uliojeruhiwa huweza kututumka polepole na kupasuka wakati mgonjwa amekwisha kurudi nyumbani.