Titi likiondolewa: simu ikuhoji, isikuamulie

Mwanamke wa mtaa wa Ngagara, Bujumbura, aliyeambiwa kwamba titi lake litaondolewa kwa sababu ya saratani hutoka hospitali na maswali mengi kuliko majibu. Daktari kazungumza naye dakika chache, foleni nje ni ndefu, na karatasi aliyopewa imeandikwa kwa Kifaransa. Usiku, watoto wakishalala, anafungua simu na kuiuliza programu ya akili mnemba: nijengewe titi jipya au nibaki hivi?

Kuuliza si vibaya. Ila swali hilo usiliulize hivyo, kwa sababu programu italijibu, na jibu lenyewe halitakuwa lako. Programu hizi, zilizoenea tangu ChatGPT ilipotoka Novemba 2022, hutunga sentensi kutokana na maandishi ziliyofundishiwa, na mengi ya maandishi hayo yametoka Marekani na Ulaya. Marekani kuna sheria ya mwaka 1998 inayotaka bima nyingi zinazolipia kuondolewa titi zilipie pia kulijenga upya. Kwa hiyo unaweza kuambiwa kwamba bima italipa, nawe una kadi ya matibabu ya CAM au ya bima ya Mutuelle tu. Unaweza pia kuelekezwa Kigali kwa matibabu ya mionzi, bila kukumbushwa kwamba Burundi ilifunga mpaka wake wa ardhini na Rwanda Januari 2024. Mambo ya bei, bima na safari kayaulize hospitalini na kwa wahusika wa kadi yako.

Programu hukufaa zaidi ukiiagiza ikuhoji. Andika hivi: “Nina miaka 44, naishi Bujumbura. Titi langu la kushoto litaondolewa. Usinichagulie. Niulize swali mojamoja kuhusu kazi yangu, mwili wangu, familia yangu na hofu zangu. Mwisho nifupishie niliyosema, kisha uniandikie maswali matano ya kumpelekea daktari.” Jibu kwa Kiswahili, Kirundi au Kifaransa, hata ukichanganya, lakini majibu ya Kirundi yasome kwa uangalifu zaidi, kwani lugha hiyo programu hizi zimefundishwa kwa uchache.

Kisha soma ulichoandika wewe. Ukikuta umeandika “mume wangu anataka” mara tatu na “nataka” hata mara moja hukuandika, hapo umegundua jambo ambalo daktari hangeweza kukwambia. Pengine utaona unachoogopa ni macho ya watu sokoni Cotebu, au ni kulala tena mezani pa upasuaji.

Nenda kwenye mazungumzo hayo na programu ukijua mambo machache. Titi hujengwa kwa njia kuu mbili: kuwekewa kifuko cha silikoni au cha maji ya chumvi, au kuhamishiwa nyama ya mwilini mwako, mara nyingi ya tumboni au mgongoni. Kifuko hakidumu maisha yote, na ukipata mionzi uwezekano wa matatizo huongezeka. Nyama ya tumboni huacha kovu refu na huhitaji wiki nyingi za kupona; anayebeba ndoo za maji kila siku, au anayetaka kuzaa tena, amweleze daktari mapema. Mwenye kisukari au anayevuta sigara aseme pia. Titi jipya aghalabu halina hisia kama la zamani, halinyonyeshi, na huenda ukarudi chumba cha upasuaji zaidi ya mara moja.

Kubaki bila titi ni uamuzi kamili, nao nauheshimu sana. Kidonda kikishapona vizuri, fundi cherehani anaweza kukushonea mfuko laini wa pamba wa kuingiza ndani ya sidiria, wenye uzito unaokaribia wa titi la pili. Mpe fundi sidiria yako akashone kijimfuko ndani, ili mfuko usiteleze ukiinama.

Sasa usiri, na hapa nasisitiza. Simu nyingi za nyumbani hushikwa na wengi. Usiandike jina lako wala namba ya faili, na picha ya kifua chako usiitume kabisa. Karatasi ya hospitali ikikushinda, nakili maneno magumu tu, uombe maelezo mepesi, kisha uyahakikishe kwa daktari. Ukimaliza, nakili maswali kwenye daftari na ufute mazungumzo. Na programu ikikwambia uache dawa, au ujaribu mitishamba kwanza, usiitii.

Matibabu ya saratani yasicheleweshwe kwa sababu ya uamuzi huu. Titi linaweza kujengwa siku ileile linapoondolewa, na linaweza kujengwa miaka kadhaa baadaye. Yeyote anayekutaka ujibu leo, awe mume, shangazi au simu, mwambie angoje.