Mizani ya Haki kwa Mtu Mkuu

Tumpimeje Konrad Adenauer, aliyeongoza serikali ya Ujerumani ya Magharibi tangu 1949 hata 1963? Mwaka 1933 wafuasi wa Hitler walimwondoa katika umeya wa Köln. Mwaka 1952 alitia sahihi mapatano ya kuilipa nchi ya Israeli mali ya marki milioni 3,000, ingawa baadhi ya watu wa upande wake hawakupenda. Lakini tangu 1953 Hans Globke, aliyepata kuandika ufafanuzi wa sheria za kuwatenga Wayahudi, alikuwa mkuu wa ofisi yake. Fidia ni tunda jema la toba. Bali kumpa cheo aliyeitumikia dhuluma ni kuwaumiza tena waliodhulumiwa. Yatupasa kuyataja yote mawili. Je, tuwapimapo wazee wetu, twatumia mizani hiyo hiyo?