Maboga Yanadondoka Yakiwa Machanga? Usikimbilie Dawa

Msimu wa mvua ukishika, swali kutoka Bukoba na Muleba ni lilelile: "Bwana shamba, maboga yangu yakifika ukubwa wa ndimu yanageuka njano, yanadondoka. Nipige dawa gani?"

Kwanza pasua moja. Ukikuta funza ndani, huyo ni inzi wa matunda: okota yote yaliyoanguka, fukia chini kabisa. Kama hakuna funza, mara nyingi ni ua jike halikupata chavua.

Shina la boga hutanguliza maua dume, hata wiki nzima, hivyo yale ya mwanzo yakianguka usihofu. Ua jike lina kaboga kadogo chini yake. Linafunguka asubuhi moja tu, saa sita haijafika limeshasinyaa. Chavua yake ni nzito na inanata, upepo hauibebi. Kazi ni ya nyuki. Sasa asubuhi za Aprili huku kando ya ziwa unazijua: mvua tangu alfajiri, nyuki hatoki. Na wachache wanaotoka unawaua na dawa unayopiga saa mbili asubuhi! Umelipa hela ili ukose maboga. Ukilazimika kupiga, piga jioni maua yakiwa yamefunga.

Mvua zikizidi, chavusha mwenyewe. Jioni tafuta maua yenye ncha ya njano, yatakayofunguka kesho. Funga ncha kwa uzi wa mgomba, majike na madume, chavua isilowe. Kesho kuanzia saa 12 hadi saa 3 asubuhi, chuma dume, menya petali zake, pakaza ile poda ya njano katikati ya jike, sehemu zote. Ukigusa upande mmoja tu utapata boga lililopinda, na mnunuzi atakushushia bei. Kisha funga tena jike. Ndani ya wiki utaona limeshika au limenyauka.

Wa kibanjani, angalia kivuli. Chini ya migomba minene boga linatoa majani tu. Peleka mashimo pembeni jua linapofika. Urea nyingi nayo inaleta majani hayohayo, weka samadi iliyooza vizuri.

Yakishika, bakiza mawili au matatu kwa shina kama unauza makubwa, na tandika nyasi kavu chini yake yasioze.