Maradhi Yasiyotoka na Haki za Nyumba

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo:

Katika darasa zetu zilizopita tulisoma haki za mume juu ya mkewe, na za mke juu ya mumewe, na za wazazi juu ya wana wao. Baadhi ya wanadarasa wakatuuliza: Je, haki hizi huwaje maradhi yaingiapo nyumbani yakakataa kutoka? Swali hili ni la maana sana. Vitabu vyetu vimeeleza kwa urefu hukumu za mtu aliye katika maradhi ya mauti, na za mgonjwa atarajiwaye kupona. Lakini nyumba nyingi za miji yetu, tangu Lamu mpaka Vanga, leo zina mgonjwa asiyekuwa wa kufa leo wala wa kupona kesho. Huenda sokoni, husali jamaa, hukaa barazani na wenziwe, na maradhi anayo. Sisi tumechagua mfano mmoja, nao ni maradhi ya sukari, kwani hapana mtaa usioyajua.

Maradhi haya ni nini?

Nyuma ya tumbo la chakula pana kiungo kiitwacho kongosho. Kongosho hutoa kitu kiitwacho insulini, na kazi yake ni kuifungulia sukari ya chakula njia ya kutoka katika damu na kuingia viungoni, ikawa nguvu. Pengine insulini hukosekana kabisa, na hali hii aghalabu huwapata watoto na vijana. Pengine huwapo lakini mwili hauitii sawasawa, na hali hii aghalabu huwapata watu wazima. Katika hali zote mbili sukari hubaki katika damu. Mtu huona kiu, hukojoa mara nyingi, hukonda na kuchoka. Na sukari ikikaa juu kwa miaka mingi, huharibu mishipa ya macho, na mafigo, na mishipa ya fahamu ya miguuni, hata mtu hukanyaga msumari asihisi.

Zamani mtoto aliyekosa insulini hakuwa na tamaa ya kuishi muda mrefu. Mwaka 1921, katika mji wa Toronto nchini Kanada, Frederick Banting na Charles Best waliweza kuitoa insulini katika kongosho la mnyama. Na mwezi wa Januari 1922 kijana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson akawa mtu wa kwanza kutibiwa kwayo, akaishi. Kwa miaka mingi insulini ilitolewa katika kongosho za ng'ombe na nguruwe, na Waislamu wengi waliona uzito kuitumia. Tangu mwaka 1982 imekuwapo sokoni insulini iliyo kama ya binadamu, itengenezwayo kwa vijidudu pasi na kongosho la mnyama yeyote. Mwenye shaka na amuulize daktari asili ya dawa yake, wala asiitupe kwa dhana.

La kwanza: kujitibu si kupungukiwa na imani

Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, aliwaamrisha watu wajitibu, na yeye mwenyewe alijitibu. Basi ajabu ni ya mtu asemaye kuwa tawakali yake yamzuia kwenda hospitali, ilhali tawakali hiyo haimzuii kufunga mlango wake usiku kwa kuogopa wezi!

Hatumzuii mgonjwa dua, wala kusoma Kurani akitaraji shifaa. Hiyo ni ibada. Tulizuialo ni kuacha sindano kwa ajili ya hirizi, au kuvunja miadi ya daktari kwa kungojea zinguo. Aliyekosa insulini kabisa akiiacha sindano, damu yake huingia sumu, na huweza kufa kwa siku chache. Mwenye kumshauri hivyo ajue amebeba dhima ya nafsi ya mtu.

La pili: kusema kweli nyumbani

Wapo waume wafichao maradhi haya kwa wake zao, na wake wafichao kwa waume zao wakikhofu kuachwa. Wahenga walisema: Mficha maradhi, kifo humuumbua. Maradhi ya sukari yana khatari ambayo mgonjwa hawezi kujiokoa nayo peke yake, nayo ni sukari kushuka ghafla baada ya dawa. Mtu hutetemeka, hutoka jasho jembamba, husema maneno yasiyo na maana, hugombana na kila mtu, na mwisho huanguka akazimia.

Sasa fikirini nyumba isiyojua khabari hii. Wengine watasema, "Ana ghadhabu." Wengine watasema, "Amepandwa na jini," wataleta ubani na kumwita mganga, na huku kila dakika ipitayo yamsogeza karibu na mauti. Lau wangalijua, wangalimpa maji ya sukari, au asali, au soda ya sukari, akarudi katika hali yake kwa muda wa robo saa, khalafu wakampa chakula. Na akiwa amekwisha kuzimia, asitiwe kitu chochote kinywani, kwani kitampalia. Alazwe ubavu na akimbizwe hospitali. Yapasa watu wote wa nyumba wayajue haya, hata mtoto mwenye akili.

La tatu: chungu cha nyumba na heshima ya mgeni

Sisi watu wa pwani mapenzi yetu huyaonyesha kwa chakula. Chai yetu ni ya sukari nyingi, na ndani ya mfungo wetu mna kaimati, na visheti, na tambi. Si haramu vitu hivi, lakini mgonjwa apikiwapo sufuria yake mbali, akala peke yake pembeni, huona kama yumo kifungoni, na siku moja atakula kwa siri. Lililo bora ni nyumba nzima ibadili chungu chake. Wali upungue sahanini, mchicha na bamia na samaki viongezeke, na chai itiwe sukari na kila mtu kikombeni mwake. Watoto wa mgonjwa nao watafaidika, kwani maradhi haya hufuata sana ukoo. Na ile kahawa chungu tuliyorithi kwa wazee wetu haina sukari. Lililobaki ni kuiepuka halua iliyo kando yake.

Na jambo jingine ni lile la kumlia mgeni yamini: "Wallahi, hutoki hapa ila umekula!" Mgonjwa hula kwa kuona haya, akarudi kwake hajiwezi. Huu si ukarimu. Mkarimu humpa mgeni wake kimfaacho.

La nne: mume na mke

Hapa ndipo penye uzito zaidi, nasi tutasema wazi, kwa kuwa sahaba wa kike wa Madina walisifiwa kwamba haya haikuwazuia kuijua dini yao.

Maradhi ya sukari yakiharibu mishipa, huweza kumpunguzia mume nguvu zake kitandani. Mume huona aibu, akamwepuka mkewe. Mke naye hudhani ana mwanamke mwingine. Ugomvi huota hapo, na wala hapana aliyemkosea mwenziwe. Wengine hufika kumwacha mke ili wajaribu kwa mke mpya, na huyo mpya hukuta hali ni ile ile. Waume wa namna hii twawaambia: Semeni na wake zenu, kisha semeni na daktari, kwani jambo hili lina matibabu. Aibu ni kumdhulumu mwana wa watu kwa kitu asichokuwa na dhambi nacho.

Ama mke akiwa ndiye mgonjwa, wapo waume washikao kauli mashuhuri ya vitabu vyetu vya fiqhi, kwamba ada ya tabibu na thamani ya dawa hazimlazimu mume. Ni kweli kauli hiyo imeandikwa, na baadhi ya wanavyuoni walipiga mfano wa mpangaji, kwamba hakulazimika kuujenga ukuta wa nyumba ulioanguka. Lakini wanavyuoni hao waliandika katika zama ambazo dawa ilikuwa jambo la nadra, na mtu mzima wa siha hakuihitaji. Leo dawa ya sukari ni kama chakula, kwani mgonjwa huihitaji kila siku. Kwa sababu hiyo wanavyuoni wa zama zetu, kama Sheikh Wahba al-Zuhayli wa Sham, aliyefariki mwaka 2015, waliona kuwa matibabu yameingia katika nafaka ya lazima. Na Mwenyezi Mungu katika Sura ya An-Nisaa amewaamrisha waume wakae na wake zao kwa wema. Je, ni wema upi huo, mume kula ujana wa mkewe miaka ishirini, kisha akamrudisha kwa nduguze siku aliyopofuka?

Na anayetaka mfano na amtazame Sayyidna Uthman bin Affan. Katika mwaka wa 2 wa Hijra Waislamu walipotoka kwenda Badri, mkewe Ruqayya, binti wa Mtume, alikuwa mgonjwa. Mtume alimwamuru Uthman abaki Madina amuuguze, na vita vilipokwisha akampa fungu lake kama aliyehudhuria. Tazama, ewe ndugu! Badri ndiyo siku kubwa ya Uislamu, na kumuuguza mke kukahesabiwa kama kuwapo Badri. Basi usione ni unyonge mwanamume kumpikia mkewe mgonjwa, au kumfunga kidonda cha mguu.

La tano: mwenye kuuguza naye ana haki

Katika nyumba nyingi mzigo huu huangukia mtu mmoja, na aghalabu ni binti asiyeolewa, au aliyeachwa na mumewe. Yeye ndiye apimaye sukari, achomaye sindano, aamkaye usiku. Nduguze wa kiume huleta fedha mwisho wa mwezi wakaona wamemaliza. Fedha ni jambo jema, lakini haimpi yule binti usingizi. Mtume wetu aliikubali kauli ya Salman al-Farisi alipomwonya Abu Dardai kwamba mwili wake una haki, na watu wa nyumba yake wana haki, na ampe kila mwenye haki haki yake. Nduguze na wagawane zamu. Aliye mbali, Nairobi au Uarabuni, na amlipe mtu wa kumpumzisha dada yake, naye ajapo likizo ashike zamu kwa mikono yake.

Na mgonjwa naye asiitwae ruhusa ya maradhi akawa mkali kwa wamtumikiao. Wafasiri wamesimulia kwamba Nabii Ayyub, amani imshukie, aliapa katika maradhi yake kumpiga mkewe, naye ndiye aliyekuwa akimuuguza. Na Mwenyezi Mungu akamfundisha njia ya kutimiza kiapo chake asimwumize. Jueni kwa kisa hiki kwamba uchungu wa maradhi humfikia kwanza aliye karibu, na kwamba Mola hakuridhia adhurike.

La sita: mwezi wa Ramadhani

Mwenyezi Mungu amempa mgonjwa ruhusa ya kufungua katika Sura ya Al-Baqara. Basi daktari mwaminifu akikwambia saumu itakudhuru, kufungua si aibu wala si udhaifu, na kujiangamiza kwa jina la ibada hakuruhusiwi. Asiyetaraji kupona atatoa kibaba cha chakula kwa maskini kwa kila siku moja. Na yule ambaye daktari amemruhusu kufunga, ajue kwamba Baraza la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Jidda mwaka 1997, lilikata kuwa sindano isiyokuwa ya chakula haifunguzi saumu. Basi na apime sukari yake mchana, na achome dawa yake kama alivyoamriwa. Na sukari ikishuka mchana, afungue papo hapo, hata ikiwa imebaki nusu saa magharibi iingie.

Na nyinyi watu wa nyumba, msimfiche mgonjwa chakula chake kana kwamba ni mwizi, wala msimnong'onee. Aliyemruhusu ni Mola wake.

Mwisho

Twawaomba wanadarasa wafanye mambo matatu kabla ya darasa ijayo. Kwanza, kila aliye na mzazi mwenye sukari amtazame nyayo usiku huu, kama pana kidonda asichokijua. Pili, kila mwenye maradhi haya aliyewaficha watu wake awaambie, na awafundishe dalili za sukari kushuka. Tatu, kila ndugu aliyemwachia dada yake mzigo amwendee amuulize, "Ni siku zipi nikushikie zamu?" na baada ya hapo asimame kwa neno lake.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awape subira wale ambao maradhi yao yatakaa, na awalipe kheri wanaowauguza. Amin.