Mota kwenye kitanda cha kuvuta

SWALI: Nina trela la kulala porini, na kitanda chake hutoka nje kwa kuvutwa. Mgongo umechoka. Naweza kufunga mota ya waipa ya gari? Msomaji, Dutumi, Kibaha.

JIBU: Inawezekana, ila anza na reli. Safisha vumbi, kagua magurudumu, kisha funga mizani ya kuning'iniza kwenye fremu ya kitanda na uvute taratibu. Ikisoma kilo 25, tafuta mota inayosukuma angalau kilo 50.

Mota ya waipa ina nguvu, na nyingi hutumia volti 12. Tatizo ni kwamba nyingi hupitisha negativu kwenye bodi yake. Ukigeuza nyaya ili irudi nyuma huku imefungwa kwenye chuma cha trela, utapiga shoti. Itenge kwa mpira, pamoja na boliti zake. Mimi ningenunua mota ya fimbo, ile inayotoka na kuingia, yenye swichi za ndani za kuizima ikifika mwisho. Urefu wa fimbo ulingane na safari ya kitanda. Ifunge moja katikati, kwa sababu mbili za pembeni zisipokwenda sawa, kitanda hupinda na kukwama.

Fyuzi ikae karibu na betri. Pini ya fimbo iwe ya kuchomoa kwa mkono, ili betri ikiisha usiku wa mvua urudishe kitanda mwenyewe. Na tafadhali, usimlaze mtu kabla ya kusimamisha miguu ya chini: mota inasukuma tu, uzito hubebwa na miguu.