Juisi Halisi Nayo Ni Sukari

Wagonjwa wengi wa kisukari wameacha soda wakahamia juisi ya matunda iliyokamuliwa nyumbani, wakiamini kuwa haidhuru kwa kuwa haikutiwa sukari. Imani hiyo haina msingi. Glasi moja ya juisi ya machungwa hutokana na machungwa matatu au manne, ambayo ni nadra mtu kuyala kwa mkupuo. Na nyuzinyuzi, ambazo zingechelewesha kufyonzwa kwa sukari, zimebaki kwenye chujio. Asali nayo ni sukari, hata ikiitwa dawa.

Ni afadhali ale chungwa moja zima, au konzi ya karanga zisizo na chumvi. Kinywaji bora ni maji. Chai na kahawa zisizotiwa sukari hufaa pia.

Hata hivyo, anayetumia insulini asikose juisi nyumbani. Akitetemeka na kutokwa jasho jembamba, au kipimo kikishuka chini ya milimoli 4 kwa lita, anywe mara moja takriban mililita 150, kisha apime tena baada ya dakika 15. Hapo karanga hazimfai, kwani hazina sukari ya kumwokoa haraka. Aliyepoteza fahamu asinyweshwe chochote, akimbizwe hospitali.